Aliyekataa Kuchoma Vipande Visivyo na Kansa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, daktari bingwa wetu wa patholojia, tunayemwita Mama Nta, anastaafu tarehe 30 Juni. Anayedhani tunaagana na mwanamke mpole hajawahi kumpelekea sampuli isiyo na lebo.

Alianzia chumba cha nyuma, kwenye hadubini moja na feni iliyonguruma kama mashine ya kusaga. Jina la utani alilipata kwa vipande vya tishu tunavyovihifadhi ndani ya nta. Alivitunza vyote, vyenye kansa na visivyo nayo. Utawala ulitaka visivyo na kansa vichomwe, stoo yake ya vipande igeuzwe ukumbi wa mikutano. Kana kwamba tumepungukiwa mikutano! Mhasibu akamtania kwamba anafuga viporo. "Mwanangu," akamjibu, "hata kansa ilikuwa na utoto. Ukichoma picha zake za utotoni, utaitambuaje ukubwani?"

Mwaka juzi mshonaji mmoja, mama wa watoto wanne, alikutwa na kansa ndani kabisa ya msuli wa mfuko wa uzazi. Wapasuaji walisema imechimba kutoka tabaka la ndani, wakamwandalia tiba kali kupita zote. Mama Nta akakumbuka kuwa zamani mgonjwa huyo alitolewa uvimbe palepale, uliotokana na tabaka hilo kujipenyeza kwenye msuli. Haukuwa kansa. Akaingia stoo, akatoka na kipande cha uvimbe huo, kikapimwa jeni pamoja na cha kansa. Mabadiliko ya uvimbe wa zamani yalikuwemo kwenye kansa, pamoja na mengine mapya. Kansa haikuchimba, ilizaliwa hapohapo. Kwa kuwa haikuwa imesambaa kama ilivyodhaniwa, tiba ikapunguzwa, na mshonaji yuko kwenye cherehani yake.

Uvimbe mwingi wa aina hiyo hauwi kansa kamwe, na Mama Nta hakumtisha mgonjwa yeyote. Alichokichukia ni uvivu wa kusema "si kansa" kisha kufunga faili.

Wiki iliyopita utawala uliuliza tena: akiondoka, nani ataing'ang'ania stoo? Maabara nzima tumejibu kwa maandishi: sisi.

Mama Nta, asante kwa ubishi wako wote. Kapumzike, ufurahie wajukuu, afya isikupungukie. Wakija na kiberiti, watatukuta mlangoni.