Kitabu cha Tatu cha Chama cha Maji

Vuteni viti karibu, wanangu, na wewe Muiruri zima hiyo simu, hata kama ni fundi wa tenki, angoje, kwa sababu pumzi niliyobaki nayo ni kidogo na sitaki kuigawana na fundi. Mama yenu Beth anajua nitakalosema. Ndiye aliyekuwa akipika chai ya mikutano yetu, na miaka kumi na mitatu amenitazama kwa lile jicho lake na kuninyamazia.

Mambo ya mali hayana kelele. Ploti hii ya Kawangware ni ya Muiruri, ndiye anayejua mpangaji yupi ana mgonjwa na yupi anajifanya mgonjwa. Shamba la nyumbani ni la Wangeci, na asitokee mtu kusema ati binti ataolewa aende nalo, maana Wangeci ana miaka arobaini na moja na sote tulishakata tamaa, mimi nikiwa wa kwanza. Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka aichoke. Hayo yako kwa wakili. Lililoninyima usingizi ni lingine.

Wangeci, sogea. Nilikupa jina la mama yangu, na tangu ukitambaa nimekuita Mama, na leo nakuita hivyo nikikuomba msamaha kama mtoto.

Unakumbuka ile miaka ulipoanza kusomea sheria ya ushindani wa biashara, ukikaa hapo mezani unanieleza vile wasomi wenu wanavyogombana, kwamba kuna wanaosema sheria iulize swali moja tu, mnunuzi amepandishiwa bei au hajapandishiwa, na kuna wanaosema hiyo haitoshi, iulize pia nani ana nguvu na nani amefungiwa mlango. Nilikuwa nakusikiliza kuliko ninavyomsikiliza pasta. Halafu ukaja na wazo lako mwenyewe, kwamba vyama vya wauza maji wa mitaa hii si njama, ni watu wadogo wanaoshikana mikono wasianguke, na sheria iwaachilie, ikimbizane na makampuni makubwa. Ukatoa kalamu ukanihoji hapo mezani, maswali mengi nikayakwepa, kisha ukaniuliza kama chama chetu kina vitabu vya mikutano. Nikakupa viwili.

Vilikuwa vitatu.

Mnatujua sisi watu wa chama. Hatuwezi kukaa bila maombi ya kufungua, ajenda, mtu wa kupendekeza, mtu wa kuunga mkono, na karani wa kuandika kila kitu. Watu wengine wakipanga ubaya huchoma karatasi. Sisi tulipatana bei ya mtungi wa maji kati ya maombi na chai, tukaiandika, Gichuru mwenyekiti akatia sahihi na mimi karani nikatia yangu. Iko pale kwa mwandiko wangu mzuri wa shule ya misheni, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mfereji wa mwanachama utakaouza mtungi chini ya shilingi kumi. Watu walikuwa wakinunua kwa tano. Na ukurasa unaofuata una jina la Phanice.

Phanice ni yule mama wa kutoka Vihiga aliyepanga kwangu nyumba namba sita, akaweka tenki lake kando ya geti na kuuza kwa tano, na tulipomwambia apandishe akakataa kwa upole. Aliniambia, nikiwa nimesimama mbele yake na kofia mkononi, "Mzee Kagiri, hawa nafua nao nguo kila siku. Nitawaambia nini?" Hatukumpiga wala kumtukana. Tulipendekeza, ikaungwa mkono, kwamba mwenye lori la maji asimjazie tenki tena, la sivyo atukose sisi sote. Wiki tatu akawa amefunga. Akahamia Lindi, kule Kibera, na wapangaji wangu wakaanza kufulia na kupikia maji ya mtaroni, na mtoto wa namba nne akalazwa na kipindupindu. Alipona, namshukuru Mungu, lakini mimi nilijua ameugua kwa nini.

Siku uliposoma makala yako ukumbini, Mama, nilikaa nyuma na suti yangu ya kanisa. Yule Daktari Mukhwana, msomi mwenzako, akasimama akasema maskini akiibiwa na jirani yake bado ameibiwa. Ukamjibu kwa vile vitabu vyangu viwili, ukurasa kwa ukurasa, mpaka akakaa. Watu wakapiga makofi na mimi nikapiga. Nilijaa fahari na aibu kwa pamoja, nikachagua fahari, kwa sababu ulikuwa ukinitafuta kwa macho.

Sasa wanataka kukupa uprofesa kwa kazi iliyosimama juu ya uongo wangu. Najua ninachokuvunjia, na kinaniuma kuliko hiki kifua. Lakini nikifa kimya utawafundisha watoto wa watu kitu ambacho baba yako alikitunga, na huku nje mtungi umefika ishirini.

Muiruri, ninyanyue kidogo. Kitabu kiko chini ya godoro, upande wa ukutani. Mpe dada yako. Na wewe ulikaa kwenye mkutano wa chama mwezi uliopita, usiangalie dirishani. Dada yako alishatueleza hapa hapa: wa kwanza kwenda kukiri njama ya bei kwa ile ofisi ya serikali ya ushindani hupunguziwa adhabu, wanaofuata hupata mabaki. Nenda kabla hamjanizika, maana Gichuru ni rafiki yangu lakini si mjinga. Atakuja matangani na atalia kweli. Mpeni chai na kiti cha mbele. Wakikuita msaliti, waambie ni neno la baba. Bei ishuke kesho. Kisha uende Lindi wewe mwenyewe, usitume mtu, umwambie Phanice nafasi ya kando ya geti ni yake bila kodi, na auze bei anayotaka hata ikiwa chini ya yako.

Wangeci, mpigie Mukhwana, usimwandikie, umwambie kuhusu baba yako yeye ndiye aliyesema kweli. Uandike makala upya. Mle ndani uliniita mhojiwa wa kwanza, ili unilinde. Futa hiyo. Weka Gerishon Kagiri, karani.

Mungu awabariki, wanangu... awape kupendana baada ya mambo haya. Beth, nishike mkono. Wangeci, Mama, kulia si vibaya, lia tu... lakini ukimaliza, toa kalamu. Niulize tena yale maswali ya siku ile, moja moja... polepole. Mara hii nitajibu.