Kurasa Kumi na Mbili za Mapokezi

Wewe uliyevaa joho ukapigwa picha na ukoo mzima, hebu nijibu: kitanda cha watu wawili kinatandikwa kwa dakika ngapi? Hujui. Na waliokufundisha hawajui. Binti aliyekuwa ameketi kijiweni alasiri ile anajua: dakika nne, na shuka likibaki na mkunjo wa urefu wa kidole, unalivuta lote na kuanza upya. Alikaa ugenini miezi sita, eti mafunzo ya hoteli, akarudi na mgongo wa bibi kizee na kitabu cha mafunzo chenye jalada la bluu. Kijiwe chenyewe ni benchi moja lililowekewa tofali mguu wa kushoto, ubavuni mwa meza ya Fundi Viatu, mjomba wake. Hapo hushinda Digrii, mwenye shahada ya sheria na soli zilizotoboka, na Robo Kikombe, muuza kahawa ambaye tangu aanze biashara hajawahi kumjazia mtu kikombe. Wote watatu walikiinamia kitabu kile kama madaktari juu ya mgonjwa tajiri. Kesho saa tatu asubuhi kinatakiwa chuoni. Kurasa kumi na mbili zenye kichwa “Mapokezi” hazina hata nukta, na chuo kimeshatamka: kurasa tupu, hakuna cheti.

— Lete kalamu, alisema Digrii. Hii ni kazi ya nusu saa. “Leo nimepokea wageni ishirini.” Kesho yake, “Leo nimepokea wageni ishirini na wawili.” Progress hiyo! Wenzako si ndivyo walivyofanya?

— Ndivyo, alijibu binti. Na vyeti wanavyo.

— Na wewe uliandika nini?

Fundi alishusha miwani puani, akasoma kwa sauti:

— “Vitanda kumi na sita. Vyoo kumi na sita. Nimekatazwa lifti ya wageni.” Akafunua mbele. “Vitanda kumi na sita. Vyoo kumi na sita. Dawa ya kusafishia imenibabua vidole.” Eh, mama! Kitabu kizima kinaimba wimbo huu huu?

— Kuna siku vilikuwa kumi na nane, mjomba.

— Seriously, Digrii alifoka, nani alikutuma kusema ukweli kwenye karatasi ya ofisi?

— Ukurasa wa kwanza umeandikwa, “Andika ulichofanya.”

Digrii alimtazama kama mtu aliyesema amekunywa wino.

Binti angewaambia nini? Kwamba miaka miwili darasani alifundishwa kusema welcome, bienvenue na karibu sana, huku meno sita yakionekana, si matano, si saba? Kwamba siku ya kwanza kule alivalishwa koti jeusi, akasimamishwa nyuma ya kaunta ya mapokezi, akapigwa picha, na koti likavuliwa kabla halijapata joto la mwili wake? Baada ya hapo ilikuwa aproni yenye beji ya mtu aliyekwisha acha kazi, na kwa miezi sita wote walimwita kwa jina la huyo mwenye beji. Mapokezi aliyaona kila siku, naam, kupitia kioo cha duara kwenye mlango wa wafanyakazi, akisukuma toroli la mashuka machafu. Ile picha ndiyo iliyochapwa kwenye bango lililoko langoni mwa chuo: “Wanafunzi Wetu Duniani.” Mama yake hupita pale akienda sokoni. Keshawapeleka majirani wawili kuliona.

— Mimi nakwambia, msimamizi wa hoteli alimwonea wivu, Fundi alianza. Huyu mtoto ni mrefu. Akisimama kaunta, wageni wote wanamwangalia yeye.

— Acha hizo, Fundi, Robo Kikombe aliingilia huku akimimina robo yake. Hoteli za huko hazina mapokezi siku hizi. Mgeni anafungua mlango kwa simu. Ile kaunta ni pambo, kama maua ya plastiki.

— Objection! Digrii alidakia. Nimewaona watu wamesimama pale kwenye picha ya bango.

— Hao nao ni mapambo. Wanalipwa kutabasamu, jioni wanazimwa.

— Nyie mnacheza. Digrii alipiga goti lake. Chuo na hoteli ni kampuni moja. Kule wanataka mikono, huku wanasema elimu. Tena nawaambia, hata wale wageni ni wahadhiri wa chuo waliovaa kofia! Ndiyo maana walimficha asiwaone.

— Basi ndiyo maana mashuka yalikuwa machafu kiasi kile, alisema Fundi.

Walicheka. Binti hakucheka. Alikuwa akiviangalia vidole vyake, ngozi imechubuka kwenye ncha.

— Lakini bango ni ushahidi, Digrii alirudi kwenye hoja, sauti imeshuka. Picha inasema ulikuwa mapokezi. Jaza hizi kurasa, kitabu kifanane na picha. Case closed. Mimi, dada yangu, nilikataa kughushi kitu kama hiki. Matokeo yake ndiyo haya, nalijua hata tofali la kijiwe hiki.

Akamwekea kalamu mkononi.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja, kandambili imekatika kamba, anarukaruka kwa mguu mmoja. Alimpa Fundi kiatu, akakinyanyua kitabu ili apate pa kukaa, na kama mtu yeyote anayesubiri, akakifungua. Alianzia nyuma.

— Hii mihuri mitatu ya kijani ni ya nini, mwanangu?

— Ukaguzi wa mkufunzi wetu, mama. Mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita. Anakuja kutazama kama tunafundishwa.

— Ahaa. Ameandika hapa, “Nimemkuta mapokezi, anaendelea vizuri.” Mara tatu. Alikuja lini?

Fundi aliishika sindano hewani. Robo Kikombe, kwa mara ya kwanza katika historia yake, alijaza kikombe mpaka kahawa ikamwagikia kiatu chake.

— Hakuja, binti alisema polepole. Vitabu tulipewa kwenye korido ya chuo, siku ya kuondoka. Mihuri ilikuwa imeshapigwa. Walisema ndio utaratibu.

— Kwa hiyo alikukuta kazini kabla hujaondoka nyumbani?

Mama yule hakuwa akikejeli. Alitaka kujua tu.

Binti alikipokea kitabu, akafungua ukurasa wa kwanza wa “Mapokezi.”

— Ukiandika unachotaka kuandika, Digrii alimwambia, bila ukali wake wa kawaida, cheti usahau.

— Najua.

— Na mama yako atajua.

— Bora anisikie mimi kuliko kulisalimia bango.

Akainamia ukurasa, akaandika kwa mwandiko ule ule wa vitanda kumi na sita:

“Mkufunzi uliyetia saini mara tatu kwamba ulinikuta mapokezi: ukisoma hapa, niko na mama yangu langoni, chini ya bango lenu. Njoo usimame mbele ya mama. Mwambie ulikuja siku gani, uliingilia mlango upi, na ulinikuta natandika kitanda cha chumba namba ngapi.”