Benchi la Kocha Roshan

Wasikilizaji wapendwa, leo furaha imenishinda kuificha. Jumamosi hii, chuoni alikofundisha kule Scarborough, hapa Toronto, unafunguliwa uwanja wa kumbukumbu wa Kocha Roshan Manji. Ndiyo, Kocha Roshan wetu! Mzaliwa wa Tanga, mkazi wa Agincourt, mama mzazi wa Zeena, kocha wa voliboli aliyetutoka Aprili mwaka jana.

Alikuwa moto, huyu mama. Akiomba mapumziko, maelekezo yote ni kwa Kiswahili, wapinzani wanabaki kukodoa macho. Mabinti wa Kichina, wa Kitamil, wa Kijamaika, wote walijua "piga pembeni" na "usizubae". Lakini sheria yake kubwa ilikuwa moja: timu nzima inakaa benchi moja. Siku ya fainali, mwamuzi alitaka wachezaji wa akiba wakae nyuma ya uzio. Kocha akamwambia, "Mwanangu, hawa si akiba. Hawa ni timu." Akawavuta, wakabanana naye.

Basi chuo kilipomwuliza Zeena anataka nini kiwekwe uwanjani hapo, sanamu aliikataa. Alitaka benchi. Benchi moja refu, liwatoshe wote wa timu ya mwisho ya mama yake. Wachezaji wakaja, wakaketi, wakapimwa. Ilikuwa Julai, joto tupu.

Julai, wasikilizaji wapendwa! Toronto hii!

Novemba, theluji ya kwanza ikiwa chini, zege la benchi likisubiri kumwagwa kesho yake, Zeena akawaita tena wajaribu. Wakaketi kwenye ubao uliokatwa kwa kipimo kile. Katunge, siku hizi muuguzi Etobicoke, akakosa nafasi.

"Umenenepa, wewe!" mwenzake Marziya akamtania.

"Mimi? Hilo koti lako lenyewe linataka kiti chake!"

Derek, msimamizi wa ujenzi, kijana wa Kikenya, akashika kiuno. "Masista, mlipimwa mkiwa na fulana. Leo mmekuja kama magodoro!"

Walicheka wote, isipokuwa Zeena.

"Mimi nitasimama tu, dada," Katunge akasema. "Haina shida."

"Kwa mama ungesimama?" Zeena akamwuliza.

Zeena akamgeukia Derek. "Kaka, lirefushe."

"Linapoishia hapa ni njia ya viti vya magurudumu. Siwezi kuiziba."

Zeena akaweka mkono juu ya ubao. Zege likishakauka halibembelezwi. "Kaka Derek, mmoja wao akibaki nje, mama yangu hayumo humu."

Derek akazunguka ubao ule, akakuna kichwa. "Kulinyoosha zaidi haiwezekani. Lakini je, tukikunja kona?"

Akampigia simu mhandisi. Wakasubiri wakipuliza vidole. Mhandisi akakubali! Marziya alipiga kigelegele mpaka wanafunzi wakachungulia madirishani.

Na kweli, benchi limepinda. Zeena anasema ni bora hivyo: "Lingenyooka, tungetazama mbele tu. Sasa wa mwisho anamwona wa kwanza usoni."

Nawakumbusha: ni Jumamosi hii, Scarborough, benchi la Kocha Roshan. Njooni na makoti yenu, mtatosha.

Zeena, na familia yote ya Manji, poleni sana. Mmempoteza mama, nasi tumempoteza pamoja nanyi. Mola ampe pumziko jema.

Nasi tuliobaki tutazame mezani kwetu, kazini kwetu, ibadani kwetu. Yupo aliyesimama kwa sababu tu hatujafikiria kukunja kona. Mwite aketi.