Kidonge cha Aselefech na Jiko Lililopoa

Mgeni rasmi, Dokta Fikirte, hebu tuambie kabla hujakaa vizuri: mtu akimeza dawa inayomzuia asizidiwe lakini haimponyi, sisi tuseme amepona au bado anaumwa?

Swali hili limetukosesha raha miezi mitano. Ndiyo maana limetangulia salamu, utuwie radhi.

KARIBU

Karibu Debre Birhan, karibu kwenye banda letu la kuokea. Leo majiko yamezimwa kwa heshima yako, ndiyo maana unatuona sura. Siku nyingine, ukisimama mlangoni, unamtambua mtu kwa kikohozi chake. Kahawa ipo, imechemshiwa nje, na ubani hatukuchoma. Sista Bogalech wa zahanati katukataza.

TULIKOTOKA

Tulianza wanawake tisa, sasa tupo thelathini na mmoja. Kila mmoja ana jiko lake na sahani yake ya udongo, na mwingine haligusi. Mwenzetu akiugua, jirani yake huipangusa ile sahani kila asubuhi kwa unga wa mbegu za mafuta ili isipasuke. Lakini jiko likikaa baridi miezi sita, linakwenda kwa mwingine. Tulikubaliana hivyo sote, na wanaosubiri ni wengi.

Jiko la mkubwa wetu, ambaye kwa heshima tunamwita Etete, Aselefech Gebrehana, linatimiza miezi sita Jumamosi hii.

YALIYOTUFURAHISHA

Etete Aselefech ameoka mikate ya injera miaka ishirini na minane kwa moto wa majani ya mkaratusi. Mwaka jana alilazwa mara nne, kifua kimejaa makohozi, midomo imegeuka rangi. Tangu aanze kidonge hajalazwa hata mara moja. Tunashukuru sana.

Sista Bogalech alitueleza taratibu. Moshi umeacha uvimbe ndani ya mapafu. Mwilini kuna kijumbe cha kutuliza uvimbe, na kuna kimeng'enya kinachokivunja kijumbe hicho kabla hakijamaliza kazi. Kidonge kinakishika mikono hicho kimeng'enya, kijumbe kinabaki, uvimbe unapungua, na kuzidiwa kunapungua. Ni kimoja kila siku, hata siku aliyoamka mzima. Hakifungui pumzi papo hapo. Kwa hilo ana dawa nyingine ya kuvuta kwa mdomo.

Tulitikisa vichwa. Tulipotoka nje tukaanza kuulizana kimesemwa nini.

YANAYOTUCHANGANYA

Kwanza, uvimbe wenyewe. Tulimpapasa mgongo, tukampapasa kifua, hatukuuona. Zenebech, jirani yake wa jiko, akamwambia, "Etete, umekonda kama mwiko, huo uvimbe umejificha wapi?"

"Niulizwe mimi? Nilidhani ninyi mmeelewa!"

Pili, hicho kimeng'enya. Sista, kwa nia njema, alitutolea mfano kwamba hata chachu ya injera hufanya kazi kwa vimeng'enya. Hapo ndipo tulipopotea. Tuliitisha kikao, tukakata shauri: kama kidonge kinapambana na vimeng'enya, na injera imejaa vimeng'enya, basi kila tonge linaimaliza nguvu ya dawa. Tukamkataza injera. Waoka injera thelathini tukamkataza mwenzetu injera! Wiki saba alikula shayiri ya kukaanga na maharage, wala hakulalamika. Akapungua kilo sita.

Sista alipojua alishika kichwa. "Nani kawaambia haya?"

"Wewe, Sista."

"Mimi?"

"Ulisema vimeng'enya."

"Nilisema kile cha mapafuni! Viko vingi, kila kimoja na kazi yake. Mpeni injera leo hii, jamani, mtaniulia mgonjwa!"

Tulimpa, na kilo mbili zimerudi. Lakini Sista anasema kidonge chenyewe huwakondesha baadhi ya watu, huwaharisha na kuwatia kichefuchefu. Tena ilikuwa Kwaresima, naye alifunga kula mpaka alasiri. Sasa kilichomkondesha ni dawa, ni mfungo, au ni sisi? Hatujui.

Tatu, hatujui kama amepona. Asubuhi anatuambia, "Nimelala vizuri," tunafurahi, tunasema kesho ataoka. Kisha anapanda ngazi nne tu za mlangoni, anasimama, anashika ukuta. Hajazidiwa, na hawezi.

MAOMBI

Tunaomba umpime, utuambie kidonge kiendelee au kikome.

Tunaomba mabomba ya kutoa moshi. Paa letu halina hata tundu. Kidonge kinautuliza uvimbe alfajiri, na sisi tunauchochea kabla ya saa nne. Wenzetu sita wameanza kukohoa kama Etete alivyoanza.

Tunaomba utuandikie barua kabla ya Jumamosi, useme Etete Aselefech atarudi jikoni lini, ili tumwongezee siku.

Mungu akuzidishie siku, mikono yako isichoke, na pumzi isikupungukie wewe wala wanao. Ni sisi, Chama cha Wanawake Waoka Injera, Mtaa wa Soko la Shayiri, Debre Birhan.

Mgeni rasmi, risala ilikuwa iishie hapo. Jana tuliisoma mbele ya wanachama ili kila mtu aweke dole gumba. Zamu ya Etete Aselefech ilipofika, aliifunika karatasi kwa kiganja.

"Weka dole, Etete," Zenebech akamwambia. "Tunakulindia jiko lako."

"Hilo ombi la barua ya jiko, lifuteni."

"Tulifute? Jumamosi jiko litachukuliwa!"

"Lichukuliwe."

Alingoja pumzi irudi, kisha akasema, na ametuomba tukusomee kama alivyotamka:

"Mlikuwa mkiipangusa sahani yangu kila asubuhi, nikaona haya kuwaambia. Sitaki kurudi kwenye moshi, wanangu. Nataka meza pale nje ya geti, kwenye upepo, nikae niuze injera mnazooka ninyi."