Siku Sita za Ami Aidarus

Kabla ya sifa, nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama. Kosa analojilaumu Ami Aidarus si lake. Ni langu.

Bwana Aidarus Taib anastaafu tarehe 30 Juni 1967, baada ya miaka ishirini na mmoja akiwa katibu wa chama cha makuli wa Kilindini. Ukurasa huu wa kumuaga nimepewa mimi, jirani yake wa Kibokoni, kwa kuwa ndiye ninayemsomea barua za Kiingereza nikitoka shule.

Muhuri wa chama haupumziki mkononi mwake. Siku moja aliupiga hata kwenye karatasi ya mahamri. Akienda kwa mtu, haanzi lililompeleka mpaka amuulizie kila aliyemo nyumbani, na paka.

Mwaka 1965 makuli kumi na mmoja walifungiwa siku tisa bila kufikishwa kortini. Chama kikashtaki kwa niaba yao. Jibu lilipokuja nikamsomea: kesi imetupwa, kwani chama chenyewe hakikufungiwa, basi hakina la kudai. Ami akavua kofia, akaiweka gotini.

"Kweli," akasema. "Chama hakina mbavu za kulalia sakafu."

Nilishindwa kumtazama. Nikakimbia nyumbani, na aya ya pili sijaisoma: kila aliyefungiwa aweza kushtaki mwenyewe, ndani ya siku kumi na nne.

Siku sita zikapita. Ya saba nikarudi, nikaisoma kana kwamba ni barua mpya. Ami akaamini. Alichukua mwavuli na wino, akazunguka kutoka Kuze hadi Changamwe, nyumba moja na nusu kwa siku, maamkizi yakiwamo. Kumi wakatia dole gumba, wakasimama kortini kwa majina yao, wakashinda. Wa kumi na moja, Dzoro, aliondoka siku ya tano ya mzunguko huo, kabla Ami hajamfikia, kutafuta kibarua bara. Hakupatikana mpaka muda ukaisha.

Tangu hapo Ami husema amemkosesha Dzoro haki yake kwa maneno mengi. Watu hucheka. Mimi sicheki, maana kesho, kwenye hafla ya kumuaga, anataka kumwomba radhi mbele ya wageni wote.

Ami, maamkizi yako hayana kosa. Radhi ni yangu kuiomba, kwa Dzoro na kwako.

Nasikia viatu vyako ngazini. Umesimama kumwamkia jirani, kwa hiyo muda ninao. Leo nimeificha karatasi hii chini ya daftari mara tatu. Sasa naiacha mezani pako, wazi.

Mungu akupe uzee wa raha, na wageni wasio na haraka.

Khairiya