Kabla ya Kuwasha Msumeno

Sogeeni, wanangu, na wewe mkubwa usisimame mlangoni kama mgeni. Keti hapa karibu na dada yako, maana nitakalosema nitalisema mara moja tu, pumzi ya kurudia sina.

Karakana ni yenu wawili, sawa kwa sawa, na nyumba ni ya mama yenu hadi atakaponifuata. Hayo ni mepesi. Zito ni hili: vidole vitatu vya baba yenu mdogo havikukatwa kwa bahati mbaya. Tuligombania kazi, nikapandwa na hasira, nikawasha msumeno mkono wake ukiwa mezani, kisha nikamwambia nimeteleza, naye akaniamini. Sikuteleza. Niliuona ule mkono.

Tangu siku ile, kila asubuhi kabla ya kugusa swichi, nikawa naketi kutuliza moyo. Mwanzo nilijilazimisha nusu saa nzima, miguu ikafa ganzi, nikachukia, nikaacha, na hasira ikarudi na nduguze. Ndipo nikaamua kuifanya raha: nikakalia maranda laini ya mbao, mlango wazi, jua mgongoni, chai ikinisubiri pembeni, nikasikiliza pumzi ikiingia na kutoka, mawazo yakizurura nikayarudisha taratibu kama kuku bandani, na nikaacha kungali kutamu ili kesho nitamani tena. Nyinyi mlinicheka, eti mzee anasinzia kazini. Kusinzia huko ndiko kulikowakinga na mikono yangu.

Mwanangu mkubwa, hasira yangu umeirithi kabla ya mali. Jana nilisikia nyundo ikigonga ukuta, na dada yako akanyamaza ghafla. Mimi fundi, nyundo iliyokosa kichwa cha mtu naijua mlio wake. Usiniambie imeteleza, uongo huo niliutunga mimi. Hasira hasara, na ninaogopa kuwaacha.

Basi naagiza: msumeno usiwashwe kabla hamjaketi pamoja, hata kwa pumzi kumi tu. Siku mtakayoshindwa kuketi, fungeni karakana, mlale njaa. Na baba yenu mdogo mwambieni ukweli, mimi nimeuogopa miaka ishirini.

Mungu awape mioyo mipole... mikono yenu ibaki mizima, na ya watoto wenu... Nipeni maji. Basi, acheni. Fumbeni macho, tuanze, niwasikie mkipumua... Mkubwa, mbona umekunja ngumi? Ifungue, baba... ifungue ningali naona...