Mama Dorothy na Magunia ya Korosho Maktabani

Tarehe 30 Juni 1998, baada ya miaka ishirini na saba ya kutuambia tupunguze sauti, Bibi Scholastika Chilumba, ambaye kwetu sote ni Mama Dorothy, anastaafu ukutubi wa maktaba ya Newala.

Alizaliwa Lukuledi, akaajiriwa mwaka 1971, enzi ambazo Serikali ilileta vitabu kwa lori. Alipanda basi la Tandahimba na sanduku la vitabu vya kisomo, akaviazimisha sokoni. Msomaji mmoja alikaa na kitabu cha ufugaji wa kuku miezi minne, akakirudisha pamoja na mayai mawili. "Faini hii, Mama. Kitabu kimefanya kazi." Mama Dorothy aliandika daftarini: faini imelipwa, imeliwa.

Kisha likaja soko huria. Lori halikuonekana tena. Ikaja sera kwamba kila taasisi ijitegemee. Kwa miaka mitano kitabu kipya pekee tulichopata kilikuwa daftari la mahudhurio.

Msimu wa korosho wa 1994, ofisi moja ambayo kwa adabu hatuitaji iliamua ukumbi wa kusomea upangishwe kwa mnunuzi binafsi uwe ghala, na wasomaji wasipoongezeka hadi mwisho wa msimu, maktaba yote ifungwe. Karani wa mnunuzi, Bwana Sadallah, akafika na barua, makuli na magunia themanini.

"Shikamoo, Mama Dorothy. Nimeruhusiwa kuingiza mzigo."

"Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma. Na wewe soma hapo mlangoni."

Tangazo lilisema: MIZIGO YOTE IACHWE NJE.

Sadallah alicheka. Mama Dorothy hakucheka. Makuli walitazamana, wakayatua magunia barazani. Siku tatu karani alizunguka kutafuta mwenye mamlaka ya kuliondoa tangazo. Kila ofisi ilimjibu kuwa hilo ni la Serikali Kuu. Kumbe Mama Dorothy alilichora mwenyewe, kwa rangi iliyobaki alipopaka mlango wa choo chake.

Basi mizani ya kupimia korosho nayo ikabaki barazani, na wakulima waliokuja kuuza wakasubiri zamu hapo juani. Aliwakaribisha ndani, akawapa kijitabu chetu kimoja kuhusu madaraja ya korosho. Waliojua kusoma waliwasomea wenzao kwa Chimakonde, kwa kunong'ona, kama sheria inavyotaka. Wiki ya pili Sadallah alipotazama korosho safi za daraja la kwanza akatamka, "Daraja la pili," Mzee Nikolao, mmoja wa wakulima, alinong'ona, "Ukurasa wa tisa, karani." Foleni nzima ikanong'ona naye: "Ukurasa wa tisa."

Mwezi haukwisha. Mnunuzi alihamisha mizani na magunia yake, akilalamika kwamba pale pana kelele mno.

Wakulima hawakuhama. Mkaguzi aliyekuja kuhesabu wasomaji alikuta watu sitini na watatu kwenye viti kumi na vinne, akaandika kwamba maktaba isifungwe. Siku hiyo tulimkuta Mama Dorothy stoo, macho mekundu. Alisema ni vumbi la vitabu. Stoo ile ilikuwa na ndoo na mafagio tu.

Mama, asante. Jumatatu umeleta fomu ya kuomba kadi ya msomaji, kama raia mwingine yeyote. Fomu inataka mdhamini mmoja. Tumesaini sote sita tuliofanya kazi nawe hapa maktabani, hadi pembeni mwa karatasi. Kapumzike kwa heri na afya, azima chochote upendacho, ila urudi kabla ya tarehe iliyogongwa muhuri.